UZI: Boston walivyozika barabara kuu chini ya jiji huku magari yakiendelea kupita juu (kwa madogo wanaopenda ujenzi)

#1 Mtoa mada

Wakuu habari zenu. Uzi huu naomba tuwaachie madogo, wale wa darasa la sita mpaka fomu thrii ambao wakiona katapila linachimba wanasimama hawataki kuondoka. Wakubwa karibuni pia ila ukijibu jibu kwa lugha ambayo mtoto ataielewa, tusianze kurushiana misamiati ya mainjinia hapa tukawafukuza wenye uzi wao.

Mada ni ule mradi wa Boston, Marekani, wenyeji waliuzoea kwa jina la Big Dig, kiofisi ni Central Artery/Tunnel Project. Ujenzi ulianza 1991 ukahesabika umeisha mwisho wa 2007. Wengi wakiuongelea wanakimbilia hela, na hela tutazifikia, ila mtoto ukimuanzia na mabilioni unampoteza palepale. Mimi naona kuna swali moja tu ambalo mtoto akilishika mradi wote unamfungukia: ukichimba chini ya kitu, hicho kitu kitabebwa na nani? Basi, hilo tu. Karibu kila ujanja mkubwa waliotumia pale ni jibu la swali hilo, na pale lilipojibiwa vibaya mtu alikufa.

Tuanze na tatizo lenyewe. Miaka ya 50 Boston walijenga barabara ya juu kwa juu inakatiza katikati kabisa ya jiji, inashikiliwa na machuma yaliyopakwa rangi ya kijani, njia 6, ikakamilika 1959. Ili ipite ilibidi nyumba na maduka yavunjwe, watu kama 20,000 wakahamishwa, na mtaa wa North End, ambao ulikuwa umejaa familia za Kiitaliano, ukajikuta umekatwa, yani mtu kutoka pale kwenda mjini kati lazima apite chini ya ule uvungu wenye giza na kelele. Sasa barabara yenyewe ilipangwa ibebe magari kama 75,000 kwa siku, kufika mwanzoni mwa miaka ya 90 yanapita karibu 200,000. Foleni zaidi ya masaa 10 kila siku, ajali mara 4 ya wastani wa barabara kuu za mijini za nchi nzima.

Wazo la kuizika lilipiganiwa sana na Fred Salvucci, injinia aliyekuwa waziri wa uchukuzi wa jimbo la Massachusetts wakati gavana ni Michael Dukakis. Huyu mzee bibi yake mwenyewe alishawahi kuchukuliwa nyumba kupisha barabara kuu nyingine, kwahiyo alikuwa anajua uchungu wake, na msimamo ukawa safari hii barabara ijengwe bila kuvunja nyumba ya mtu. Hili madogo mlishike maana ndo limefanya kazi iwe ngumu vile. Hela za serikali kuu zilitaka kukwama, 1987 Rais Ronald Reagan aliukataa muswada wake, Bunge likaupitisha bila yeye, Seneti kura 67 kwa 33. Ilikuwa inatakiwa theluthi mbili, kwahiyo ingepungua kura moja tu tusingekuwa na uzi huu leo.

Naendelea, niacheni nipumue kidogo.

#2 Mchangiaji

Mkuu swali la haraka kabla hujaendelea. Si wangeifunga ile barabara ya juu, wabomoe, halafu wachimbe kwa raha zao? Mbona wamejitesa?

#3 Mtoa mada

Swali zuri na ndo kila mtoto anauliza. Jibu: hayo magari 200,000 yangepita wapi? Barabara za mitaani za Boston ni nyembamba, zimepindapinda, ni mji wa miaka ya 1600 ule. Ukiifunga ile ya juu hata miezi michache ambulensi hazipiti, maduka hayapati mzigo, jiji linakufa huku unasubiri litibiwe. Kwahiyo ikakubaliwa kwamba ya juu itaendelea kufanya kazi mpaka handaki la chini liwe tayari. Haya sasa, nguzo za ile barabara zimesimama palepale unapotaka kuchimba. Nani anabeba?

Hapa naomba tukae kidogo maana hapa ndo patamu.

Kwanza ardhi ya Boston. Sehemu kubwa ya katikati ya jiji si ardhi ya asili, ni bahari iliyofukiwa miaka na miaka, humo ndani kuna matope, matofali, magogo ya gati za zamani, mawe ya msingi wa majengo yaliyoshasahaulika. Ukichimba shimo refu la wima linajaa maji na kingo zinaporomoka, na kando yake pale kuna maghorofa. Kwahiyo walichofanya ni kutengeneza kuta za handaki KABLA ya kuchimba handaki. Mtambo unachimba mtaro mwembamba, upana kama sentimita 90 tu, ila kwenda chini unafika mpaka mita 36, hilo ni kama jengo la ghorofa 12 limezamishwa. Na kadiri wanavyochimba wanaujaza mtaro tope maalum, maji yaliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi unaoitwa bentonaiti. Lile tope ni zito kuliko maji matupu, linasukuma kingo za mtaro kwa nje, tena linajipaka pale kwenye kingo likaganda kidogo kama utando, basi udongo haumwagiki. Yani kwa muda ule kinachobeba ni tope! Tope linashikilia ardhi isianguke huku jirani kuna jengo la ofisi watu wako kazini.

Wakishafika chini wanashusha machuma makubwa ndani ya mtaro, kisha zege. Likikauka una ukuta umesimama ardhini, halafu unajenga mwingine upande wa pili. Sasa wakawa na kuta mbili imara za kubeba mzigo, wakaweka maboriti makubwa ya chuma kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine, uzito wa barabara ya juu ukahamishwa kutoka kwenye zile nguzo za zamani ukaegemea huko. Baada ya hapo nguzo za zamani zikakatwa chini. Dereva huko juu anapita na redio yake hana habari. Halafu ndo wakaanza kuchimba katikati ya kuta, huku wakiweka mihimili ya kuzuia kuta zisiegemeane, na kuta zilezile zilizokuwa za muda ndo zikabaki kuwa kuta za handaki la kudumu.

#4 Mchangiaji (mwanafunzi, natumia simu ya mama)

Nimeelewa tope ila sijaelewa hapo kwenye zege. Mtaro si tayari umejaa tope? Ukimwaga zege si litachanganyika nalo liharibike?

#5 Mtoa mada

Umewaza kama injinia mdogo wangu, hongera. Zege halimwagwi kutoka juu. Wanashusha bomba refu mpaka chini kabisa ya mtaro, zege linapita humo linatokea chini. Zege ni zito kuliko lile tope mara mbili hivi, kwahiyo linakaa chini na kujaa likipanda, tope linasukumwa juu, huko juu kuna pampu zinalinyonya linasafishwa linatumika tena kwenye mtaro mwingine. Mdomo wa bomba lazima ubaki umezama ndani ya zege muda wote, ukiuinua kizembe tope linaingia. Na chini ya mtaro lazima pawe pamesafishwa mabaki ya udongo kabla hujaanza. Kumbuka hii ya kusafisha, nitairudia mbele kwa huzuni kidogo.

#6 Mchangiaji (wa saiti)

Naongezea kidogo mkuu. Watu wanasahau kwamba kabla ya hata hiyo mitaro ilibidi wahamishe mabomba na nyaya, gesi, maji, umeme, simu, jumla kama kilomita 47, na huduma isikatike. Hiyo peke yake ni miaka ya kazi na hakuna mtu anayeipiga picha. Pia handaki halikwenda chini bapa, kule South Station, kituo kikubwa cha treni, ilibidi lishuke mpaka mita 36 kwa sababu kuna treni ya chini ya ardhi ya Red Line wakapita chini yake, halafu mbele kuna Blue Line, hiyo wakapita juu yake. Likishuka sana na kupanda sana malori hayawezi, kwahiyo mteremko wenyewe ni hesabu nzito.

#7 Mtoa mada

Asante mkuu, sahihi kabisa, na umenipeleka kwenye reli.

Kulikuwa na sehemu barabara kuu nyingine ya mradi, I-90, ile ya kwenda uwanja wa ndege, ilitakiwa ipite chini ya reli za South Station. Reli kibao zimekaa sambamba, treni mamia kwa siku zimejaa abiria, na hairuhusiwi kusimamisha. Hapa mtaro huwezi kuchimba maana utaikata reli. Walichofanya: wakaigandisha ardhi. Wakachomeka mabomba mengi kati ya reli, wakazungusha humo maji ya chumvi yenye baridi kali sana, mbali chini ya sifuri (chumvi inafanya yasigande), ikachukua miezi mpaka lile tope, magogo, mawe na kila kilichofukiwa humo kikawa kitu kimoja kigumu. Sasa ardhi ikawa inajibeba yenyewe. Wakati huo pembeni, ndani ya shimo kubwa, wamejenga boksi la handaki la zege, lote zima, na nyuma yake jeki zenye nguvu za kutisha. Mbele mtambo unachonga ile ardhi iliyoganda, nyuma jeki zinasukuma, boksi linaingia chini ya reli taratibu kama droo inavyosukumwa kabatini, siku nzima linasogea labda chini ya mita moja. Wakafanya hivyo kwa maboksi matatu. Ardhi ikiganda huvimba, kwahiyo reli zilikuwa zinanyanyuka, mafundi wakawa wanazipima na kuzirekebisha wakati wote.

Mimi katika mradi wote hapa ndo napapenda kuliko pengine. Abiria kakaa kwenye siti anasoma gazeti, chini yake kuna barafu ya kutengeneza, chini ya barafu kuna nyumba ya zege inatembea.

Halafu kuna baharini. Ted Williams Tunnel, limeitwa kwa jina la mchezaji mkubwa wa besiboli wa Boston Red Sox, linapita chini ya bandari kwenda uwanja wa ndege wa Logan, lilifunguliwa Desemba 1995. Hili halikuchimbwa kama panya anavyochimba. Walichimba mfereji kwenye sakafu ya bahari, vipande 12 vya chuma vikatengenezwa Baltimore kwenye kiwanda cha meli, kila kimoja urefu karibu mita 100, ukikiangalia kwa mbele kina mabomba mawili yameungana, moja la kwenda na moja la kurudi. Wakaziba miisho, vikaelea, vikavutwa baharini mpaka Boston, vikazamishwa kimoja kimoja na kuunganishwa. Pale kwenye maungio kuna mpira mnene, wakishavikutanisha wananyonya maji yaliyobaki katikati na bahari yenyewe inavibana vishikane. Hapo sasa mbanaji ni bahari.

Kwenye mfereji wa Fort Point hawakuweza kuleta vile vya chuma kwa sababu madaraja ya pale ni ya chini havipiti. Wakachimba bwawa kubwa kavu hapohapo kando ya maji, wakamwaga vipande vya zege ndani yake, wakafungulia maji, zege likaelea. Ndiyo, zege linaelea, likiwa na uwazi wa kutosha ndani. Na chini ya mfereji kuna handaki la zamani la Red Line la miaka ya 1910 ambalo halikuruhusiwa kubebeshwa chochote, basi kile kipande kikawekwa juu ya nguzo zilizochimbiwa huku na huku ya treni, uzito ukashuka pembeni kwenda kwenye mwamba. Reli ya watu haikuguswa.

#8 Mchangiaji (mwanafunzi, natumia simu ya mama)

Walikuta vitu gani wakati wanachimba? Dhahabu? Na udongo wote ulienda wapi?

#9 Mtoa mada

Dhahabu hapana ila walikuta choo, na usicheke, choo ndo hazina yenyewe. Kabla mitambo haijaingia wanaakiolojia walipewa nafasi ya kuchimba kwa mikono na brashi. Kule karibu na North End wakakuta shimo la choo la miaka ya 1600, la mama mmoja aitwaye Katherine Nanny Naylor. Zamani watu walitupa takataka zao za nyumbani humohumo chooni, na kwa vile tope lile halipitishi hewa vitu havikuoza, wakatoa viatu, vitambaa, mbegu za matunda waliyokula, vyombo, na kitufe cha mbao, yani mpira mgumu, cha kuchezea mchezo wa kuviringisha kwenye nyasi, inasemekana ndo cha zamani kuliko vyote vilivyowahi kupatikana Amerika ya Kaskazini. Mji ule enzi hizo wakubwa wa dini walikuwa wakali sana kuhusu michezo, na bado mtu alikuwa nacho nyumbani. Mimi kile kitufe kinanigusa, unaona kabisa kwamba hao watu nao walikuwa wanataka kucheza.

Udongo: ulichimbwa kama mita za ujazo milioni 12. Sehemu yake ilipakiwa kwenye matishari ikapelekwa kisiwa cha Spectacle bandarini, kilikuwa dampo la takataka linavujisha uchafu baharini, wakalifunika kwa udongo, wakapanda miti, 2006 kikafunguliwa kama bustani, watu wanaenda na boti.

#10 Mchangiaji

Mkuu mpaka hapa ni sifa tupu. Ulisema mtu alikufa. Hili nalo waambie watoto au unaruka?

#11 Mtoa mada

Siruki. Kuna watu watasema mtoto asiambiwe, mimi sikubaliani hata kidogo, hao ndo mainjinia wa kesho.

Kwanza uvujaji. Septemba 2004 ukuta kwenye handaki la I-93, ndo ile barabara iliyozikwa katikati ya jiji, ulitoboka maji yakaingia kwa nguvu barabarani, foleni ikasimama. Kuchunguza wakakuta ile paneli ya ukuta ilimwagwa zege bila kusafishwa vizuri, uchafu ukabaki ndani. Nilisema mtakumbuka ile ya kusafisha chini ya mtaro. Na sehemu nyingine nyingi kulikuwa na uvujaji mdogomdogo, mamia. Pia kampuni iliyokuwa inapeleka zege ikaja kukiri makosa mahakamani 2007 kwamba kuna zege ilipeleka halikuwa na ubora uliotakiwa.

Lakini kubwa ni 10 Julai 2006. Kwenye handaki la kuelekea Ted Williams kulikuwa na dari la paneli za zege zinazoning'inia, juu yake kuna nafasi ya kupitishia hewa maana handaki lisipopitishiwa hewa watu watakufa na moshi. Zile paneli zilishikiliwa na bolti, na bolti zilichomekwa kwenye matundu juu ya dari zikashikwa kwa gundi ya epoksi. Sasa jiulizeni, nani anabeba? Gundi. Masaa 24, miaka yote, mzigo unavuta kwenda chini. Na gundi iliyotumika pale ilikuwa ya aina inayokauka haraka, ambayo ikivutwa muda mrefu hunyooka kidogokidogo, huoni kwa macho ila inateleza. Usiku ule ikaachia, zege tani kama 26 likaangukia gari, abiria mmoja, mama wa watu, akafariki.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ishara ilikuwepo. 1999 kwenye handaki hilohilo kuna bolti zilishaonekana zimeshuka. Wakazijaribu, wakazifunga upya, kazi ikaendelea, na baadaye hakukuwa na utaratibu wa kuzikagua mara kwa mara. Wachunguzi wa serikali kuu walisema wazi kwamba watengenezaji, wasanifu na wakandarasi hawakuzingatia hiyo tabia ya gundi kunyooka. 2008 kampuni zilizohusika zikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 400. Hela haimrudishi mtu.

Kwahiyo dogo ukija kuwa injinia ukaona bolti imeshuka hata milimita chache, usikubali kuambiwa kaza tuendelee. Uliza imeshuka KWANINI mpaka upate jibu, hata kama umekera kikao kizima.

#12 Mchangiaji (wa saiti)

Hii ya bolti za kuning'iniza nimewahi kuiona saiti kwa macho yangu, watu wanapima siku moja inabeba wanasaini. Siku moja haitoshi kwa mzigo wa kudumu. Umeongea la maana sana mkuu.

#13 Mchangiaji

Hela sasa. Na foleni iliisha au walihamisha tu? Na ile stori ya tembo darajani ni kweli?

#14 Mtoa mada

Tembo ni kweli. Daraja la Zakim, lile la nyaya upande wa kaskazini, njia 10, michoro ya mwanzo ya Mswisi Christian Menn, Oktoba 2002 walipitishwa tembo 14 wa sarakasi kabla halijafunguliwa. Lakini madogo msidanganyike kwamba ndo kipimo, tembo 14 hawazidi sana malori mawili ya mizigo yaliyojaa, na lile daraja limejengwa kubeba foleni nzima ya malori. Ile ilikuwa sherehe, vipimo halisi vilishafanywa na mainjinia kwa hesabu na vifaa.

Hela: makadirio ya 1982 yalikuwa dola bilioni 2.8, mwisho ikafika karibu bilioni 14.8, na riba za mikopo zikihesabiwa inatajwa kama bilioni 24. Sehemu ya ongezeko ni kupanda kwa bei maana miaka 20 si mchezo, sehemu ni vitu vilivyoongezwa njiani, na sehemu ni kwamba makadirio ya mwanzo hayakuwa na ukweli wa kilichopo ardhini. Siwezi kulitetea hilo. Wananchi wa Massachusetts waliambiwa namba ndogo wakaja kulipa kubwa.

Foleni: handaki la kwenda kaskazini lilifunguliwa Machi 2003, la kusini Desemba mwaka huohuo, ndo ile barabara ya juu ikaanza kuvunjwa kabisa. Kati ya 1995 na 2003 jumla ya muda ambao magari yanatumia kwenye barabara za mradi ulipungua kama asilimia 62. Katikati ya jiji wamepona kweli. Ila waliotoka mbali, wale wa vitongojini, baadhi yao foleni iliwasubiri mbele zaidi kwa sababu barabara ikiwa nzuri watu wengi wanaikimbilia na panapobana panahamia kwingine. Na pale juu ilipokuwepo ile barabara ya kijani sasa ni bustani ya Rose Kennedy Greenway, kama kilomita 2.4, ilizinduliwa 2008. Mtu wa North End anavuka kwa miguu kwenda mjini juani.

Kesho jioni nitaweka mchoro wa namna hewa inavyosukumwa ndani ya handaki, kuna majengo 7 ya feni kwa kazi hiyo tu. Mwanafunzi wa simu ya mama, andaa maswali.